Barua ya wazi kwa waandaaji wa midahalo ya televisheni: tupeni swali la nyongeza

Kwa: Wakurugenzi na wahariri wa vituo vya televisheni, watangazaji mnaoongoza midahalo ya wagombea, na maofisa wa vyama mnaokaa nao kupanga masharti.

Yah: MWANANCHI KUNYIMWA SWALI LA NYONGEZA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Ndugu zangu, mimi ni mkulima wa zabibu katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, hapa Dodoma, na ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Televisheni yetu inatumia sola. Usiku wa mdahalo sebule haitoshi, kwa hiyo tunaitoa barazani, majirani wanakuja na vigoda vyao, na watoto wanakaa chini mbele kabisa. Kwa hiyo haya hayatoki kwa mtu anayeichukia kazi yenu. Midahalo tunaingoja kama tunavyoingoja mvua ya Desemba, na ndiyo maana nina uchungu.

Nimewahi kuwa mmoja wa wale mnaowaita hadhira. Kituo sikitaji, wala mwaka, kwa sababu niliyoyaona siku ile nimeyaona baadaye kwenye vituo vingine pia, na sina nia ya kumchongea mtu. Kosta ilitufuata kijijini saa nne asubuhi. Kipindi kilikuwa cha saa tatu usiku, lakini tuliambiwa lazima tuwahi kupangwa. Tukapita Mtumba, tukapita Ihumwa, tukaingia mjini jua likiwa utosini. Tulipewa maji, baadaye tukaletewa chipsi. Silalamikii njaa wala kungoja. Nalalamikia kilichofanyika tukiwa tunangoja.

Kwanza tulipangwa. Viti vya mbele vilichukuliwa na vijana waliokuja na mabasi yao. Masharti yalikataza sare za chama, basi wakazivua fulana mlangoni, wakavaa mashati, wakaingia. Sote tuliwaona. Sisi wa vijijini tukawekwa pembeni, isipokuwa akina mama wawili waliovaa khanga mpya, ambao walihamishiwa katikati mahali kamera inapopiga. Halafu akaja kaka mmoja aliyevaa visikizio shingoni, akatufundisha kupiga makofi. Akiinua mkono, tupige. Akiushusha, tunyamaze. Tulirudia mara tatu mpaka akaridhika, na wakati huo hakuna mgombea hata mmoja aliyekuwa amefika.

Kisha zikagawiwa karatasi za maswali. Swali langu nilikuwa nalo tangu nyumbani, nililiandika usiku kwa hati ya ubaoni. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Zikiiva hazimsubiri mtu. Mnunuzi akichelewa, tunakamua wenyewe na kuuweka mchuzi, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa, kwenye mapipa, na mchuzi nao una siku zake. Nikauliza: ukichaguliwa, ndani ya mwaka wako wa kwanza mkulima mwenye ekari moja atauhifadhi wapi mchuzi wake mpaka mnunuzi apatikane, na fedha za kujenga sehemu hiyo zitatoka fungu gani?

Binti mmoja wa kipindi akalisoma. Alikuwa mpole, alinipa shikamoo. Akasema, "Mama, swali zuri, ila ni refu, halafu limekaa kikijiji. Tulifanye la kitaifa." Akachomoa kalamu nyekundu, akakata mistari yangu yote minne, akaandika juu yake: Mna mpango gani wa kuinua kilimo?

Miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikishika kalamu nyekundu. Niliitumia kumwonyesha mtoto mahali alipokosea ili kesho apate. Sikuwahi kufuta swali la mtoto na kumwandikia lingine lililo rahisi kujibiwa. Lakini pale nilinyamaza. Ukumbi wa wageni, taa kali, na binti ameongea kwa adabu. Mtu unajiambia labda wao ndio wanaojua.

Zamu yangu ilipofika alikuja na maiki. Nilinyoosha mkono kuipokea, akairudisha kifuani. "Usiishike, mama, nitakushikia mimi." Nikasoma swali ambalo si langu, kwa maiki ambayo si mimi niliyeishika. Nilipotaka kuongeza neno mchuzi ili angalau lisikike, maiki ilikuwa imeshaondoka mdomoni mwangu.

Na mtangazaji hakumpa mgombea nafasi ya kunijibu. Alisema maneno ambayo nyote mnayajua, kwa sababu mnayasema kila kipindi: "Tuchukue maswali matatu kwanza, kisha tutayajibu kwa pamoja." Baada yangu akauliza kijana wa bodaboda, halafu mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeuliza habari za mikopo. Mgombea akashukuru kwa maswali mazuri sana. La mikopo akalijibu kirefu, maana alikuja nalo mfukoni. La bodaboda akaligusa. Kwangu akasema, "Na mama yangu pale ameuliza kuhusu kilimo. Kilimo ndiyo uti wa mgongo wa taifa letu." Yule kaka akainua mkono, ukumbi ukalipuka makofi. Mimi pia nilipiga. Mikono ilikuwa imeshazoeshwa.

Nilisimama tena, nikanyoosha kidole kama mwanafunzi. Maiki ilikuwa safu ya nyuma.

Ndugu zangu, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mengine yote, viti vya mbele, khanga mpya, makofi ya kufundishwa, ni vipele tu juu ya ngozi. Ugonjwa wenyewe ni huo wa kumpa mwananchi nafasi ya kuuliza na kumnyima nafasi ya kuulizwa "umejibiwa?" au yeye mwenyewe kusema "hujanijibu". Anayeuliza mara moja na kuketishwa amesaidia kipindi kuendelea. Hajamhoji mtu.

Kilomita chache kutoka ukumbi ule lipo Bunge. Kila asubuhi ya kikao kuna maswali na majibu. Mbunge anauliza swali la msingi, Naibu Waziri anasoma jibu lililoandaliwa na wataalamu wa wizara, limechapwa vizuri, halina kasoro. Kisha mbunge anasimama tena na maneno ambayo hata watoto wetu wanayaigiza wakicheza: "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Serikali, nina maswali mawili ya nyongeza." Hapo sasa karatasi ya Naibu Waziri imekwisha. Anachojibu kinatoka kichwani mwake, na sisi tunaotazama tunapima kama anaijua kazi au anaisoma. Waliotunga Kanuni za Bunge walielewa kwamba jibu la kwanza huwa ni la kujiandaa. Kama mbunge, mwenye mshahara, msaidizi na maktaba, ameonekana anastahili nyongeza mbili, mkulima aliyekaa kwenye kiti tangu saa saba mchana kwa nini hastahili hata moja?

Wala jambo hili si la wasomi. Kijijini tuna Mkutano Mkuu wa Kijiji, kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe, na kwa utaratibu unakaa kila baada ya miezi mitatu. Ofisa Mtendaji anasoma mapato na matumizi. Anasema kokoto, tripu mbili. Mzee mmoja anainuka: zilimwagwa wapi? Shuleni. Shuleni upande gani, maana mimi nyumba yangu inapakana na shule? Mtendaji anaangalia kitabu. Pembeni ya vyoo. Vyoo vya wavulana au vya wasichana? Hapo mkutano mzima umekaa kimya, hakuna anayepiga makofi, na ndani ya dakika mbili tunajua kama kokoto zilikuja au hazikuja. Ukimwambia yule mzee aulize mara moja tu, tena ajumuishwe na wenzake wawili, jibu litakuwa "kokoto zilipelekwa shuleni" na mkutano utafungwa kwa amani. Yule mzee hajasoma uandishi wa habari. Amezaliwa kwenye watu wanaojua kwamba ukweli wa jambo hutoka kwenye swali la tatu.

Najua mtasema huu ndio mtindo wa dunia. Ni kweli umeenea, na kwa wenzetu umewekwa hata kwenye maandishi. Mwaka 2004 Marekani, kambi za wagombea urais Bush na Kerry zilikubaliana kwamba kwenye mdahalo wa kuulizwa na raia, maswali yaandikwe mapema, na raia akiuliza kitu tofauti na alichoandika, mwongozaji amkatishe na maiki izimwe. Mwaka 2012 kambi za Obama na Romney zikaandikiana kwamba raia asiulize swali la nyongeza, na akimaliza kuuliza maiki yake izimwe. Nilipolijua hilo nilihisi kama nimeonana na yule binti mwenye kalamu nyekundu. Kwa hiyo hatukulianzisha sisi. Lakini angalieni nani alikaa mezani kuliandika. Ni wagombea. Swali la nyongeza linamwogopesha anayejibu, na masharti yakiandikwa na wanaojibu, ndilo la kwanza kufutwa.

Marekani hiyohiyo ina mfano mwingine ambao nawaomba muutazame kwa makini. Tarehe 15 Oktoba 1992, mjini Richmond, Virginia, Rais Bush mkubwa, baba wa yule wa 2004, na wapinzani wake Clinton na Perot walisimama kwa mara ya kwanza kwenye mdahalo wa urais ambao maswali yake yaliulizwa na wapiga kura ukumbini. Mwanamke mmoja akauliza deni la taifa limewagusaje wao wenyewe kimaisha, na kama halijawagusa, watawezaje kutibu matatizo ya watu wasiyoyajua. Bush hakulishika swali, akamwomba amsaidie kulielewa. Yule mama akamjibu, akasema ana marafiki walioachishwa kazi, anawajua watu wasioweza kulipa mikopo ya nyumba na ya magari. Ni sentensi chache tu, lakini zilimfanya Rais aliyeko madarakani ahangaike mbele ya nchi nzima, na Clinton alipomsogelea akaanza kwa kumuuliza yeye: wewe limekugusaje?

Wapo wanaoukumbuka usiku ule kwa sababu Bush alionekana akitazama saa yake ya mkononi, na kwa sababu Clinton alijua kutembea mbele ya kamera. Hilo nalo ni kasoro ya mtindo huu, unampa ushindi mwenye kipaji cha jukwaani. Lakini mimi naona jambo kubwa lilikuwa kwamba raia aliongea mara ya pili. Ilitokea kwa bahati, kwa sababu mgombea hakuelewa. Nawaombeni mlifanye kwa makusudi lile lililotokea kwa bahati.

Kuhusu makofi sitasema mengi. Uingereza walipofanya midahalo yao ya kwanza ya viongozi wa vyama Aprili 2010, walikubaliana hadhira isipige makofi wakati mdahalo unaendelea, ipige mwanzoni na mwishoni tu. Walikuwa na masharti 76, na mengi yao yaliwafunga mikono raia vilevile kama kwetu, lakini hilo moja lilikuwa la busara. Barazani kwangu nimeona kwa macho yangu. Jibu ambalo sote tulikuwa tumelikunjia uso, makofi yakilipuka ukumbini, jirani mmoja anatikisa kichwa anasema, "Naona amejibu vizuri." Nikamuuliza amesema nini. Hakuweza kulirudia.

Nina jambo jingine ambalo kwetu sisi wa kanda ya kati ni kidonda. Usiku ule kulikuwa na bibi mmoja, mtu mzima kabisa, amekaa viti viwili kutoka kwangu. Alipoletewa maiki alianza na "Mbukwenyi", na ukumbi ukaitikia kwa furaha, akaendelea kwa Kigogo. Alikuwa anaeleza habari ya kisima. Hakufika mbali. "Kiswahili, bibi, Kiswahili," akaambiwa, na maiki ikahamia kwa mwingine. Mimi nilikuwa pale, nimefundisha Kiswahili miaka yote ile, na kijana wa upande wake wa pili naye alikuwa amenyanyuka kutaka kutafsiri. Ingechukua dakika moja. Nakipenda Kiswahili, ndicho kilichotuunganisha, na mdahalo wa taifa lazima uwe wa Kiswahili. Lakini bibi yule anapiga kura, na karatasi ya kura haimuulizi anaongea lugha gani. Mkija Dodoma, au Singida kwa Wanyaturu na Wanyiramba, au Kondoa kwa Warangi, mwekeni mkalimani mmoja tu kando ya jukwaa. Tangu siku ile bibi hataki tena kusikia habari za televisheni. Akiona tunaitoa barazani anaingia ndani.

Labda mtaniambia, mama, ukiwabana sana wagombea hawatakuja kabisa. Hofu hiyo naielewa, na ina msingi. Mwaka 1995, uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi tangu vilipoondolewa, wagombea urais walikuwa wanne, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, na wote walishiriki mdahalo wananchi wakiwaona. Baada ya hapo imekuwa kubembelezana. Mgombea mwenye nguvu anaona hana cha kupata, anatuma udhuru, nanyi mnaogopa kiti kitupu. Wenzetu wa Kenya hawakukiogopa. Tarehe 24 Julai 2017 Uhuru Kenyatta hakutokea, Raila Odinga akahojiwa peke yake. Tarehe 26 Julai 2022 Raila naye hakutokea, William Ruto akahojiwa peke yake. Kipindi kilirushwa, na kila Mkenya alimwona aliyekuja na akamkosa ambaye hakuja. Mnapoahirisha kipindi kwa sababu mkubwa mmoja amekataa, mnamwachia yeye aamue sisi tumsikie nani. Naomba msiwanunue wagombea kwa swali langu. Yule anayekuja kwa sharti la kutoulizwa mara mbili, mwacheni abaki na mikutano yake ya hadhara, huko anaongea peke yake na hakuna anayemkataza.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni haya, na mengine hayana gharama yoyote. Acheni kukusanya maswali matatu kwa pamoja. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote, najua mtoto akiruhusiwa kuchagua swali moja kati ya matatu anachagua lipi. Swali liulizwe moja, lijibiwe, kisha mtangazaji amgeukie aliyeuliza na kumwambia: mama, umejibiwa? Akisema ndiyo, tuendelee. Akisema hapana, apewe sekunde thelathini za nyongeza, na maiki ashike mwenyewe. Najua yatapungua. Badala ya watu kumi na tano watauliza watano. Mimi niko radhi niwe kati ya wale kumi wasiouliza, nikae kimya usiku kucha, mradi wale watano wajibiwe.

Kama mnahofia matusi au hotuba ndefu, kaeni nasi mapema mtusaidie kufupisha. Kufupisha sikatai, nilifundisha ufupisho. Lakini msiligeuze swali la kisima kuwa swali la sekta ya maji. Kisima kina mahali, kina pampu iliyoharibika, kina mtu aliyeahidi kuitengeneza. Sekta haina mtu. Mgombea akiulizwa kuhusu sekta anajibu kwa mipango na mikakati. Akiulizwa kuhusu pampu lazima aseme itatengenezwa lini.

Na viti vya mbele. Viti hivyo wapeni watu waliochaguliwa kwa kura ya karatasi kwenye kofia, kijiji kwa kijiji, mtaa kwa mtaa, hata wakiwa hawana khanga mpya. Vyama vikileta mabasi, viti vya nyuma vipo.

Mwisho kabisa, kwa kuwa karatasi yangu ilikatwa na nyekundu, naliuliza swali langu hapa, mbele ya wote, kwa yeyote atakayekuja kuomba kura zetu Chamwino. Ndani ya mwaka wako wa kwanza, mkulima wa zabibu mwenye ekari moja atauhifadhi wapi mchuzi wake mpaka mnunuzi apatikane, na fedha zitatoka fungu gani?

Na pamoja na majibu mazuri utakayotoa, nina maswali mawili ya nyongeza. La kwanza, sehemu hiyo itajengwa kijiji gani? La pili, msimu wa Agosti ukifika haijajengwa, nije kukuulizia ofisi ipi?

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa zabibu na mwalimu mstaafu,
Chamwino, Dodoma.